Uniden BC125AT hapa Moshi: skana nzuri, ukishaifundisha masafa ya kwetu

Nianze na jibu, maana wengi huniuliza wakiwa tayari wana ndugu Marekani anayefunga mizigo. Uniden BC125AT ni skana nzuri ya mkononi, yaani redio ya kupokea tu inayozungukia masafa mengi ikitafuta palipo na mtu anayeongea, na kwa anayependa redio hapa Moshi au Arusha ninaipendekeza bila kusita. Ila usiinunue kwa ajili ya ile tahadhari ya hali ya hewa. Huku kwetu hiyo haifanyi kazi, na haitafanya kazi hata ukiipandisha juu ya ghorofa refu kuliko yote mjini. Uzuri wa mashine hii uko kwenye upekuzi wake wa masafa, na huo nao hauonekani mpaka ukae nayo chini, uondoe mipangilio ya kiwandani na uweke ya kwetu.

Ninafundisha fizikia sekondari, na nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya sisi tunaowasiliana hewani kwa kujifunza na kwa mapenzi, si kwa biashara. Jioni skana inakaa dirishani nyumbani, Soweto ya hapa hapa Moshi. Siku za klabu ya sayansi inaingia kwenye mkoba pamoja na chaki.

Nimalize kwanza habari ya hali ya hewa, kwa sababu ndiyo inayowapoteza watu. Marekani wana mtandao wa vituo vya redio vya NOAA, idara ya serikali yao inayoshughulikia hali ya hewa, vinavyosoma utabiri usiku na mchana. Vinatumia masafa saba tu, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550, yakipishana kwa kilohezi 25. Hatari ikikaribia, kituo kinatoa mlio wa hezi 1050, na redio iliyowekwa kusubiri tahadhari inaamka na kupiga kelele hata kama mwenye nyumba amelala. BC125AT imetoka kiwandani na masafa hayo saba tumboni, na mlio ule inautambua. Ni mfumo mzuri mno, na natamani siku moja na sisi tuwe nao. Lakini mawimbi haya, ya aina iitwayo VHF, hayaendi mbali zaidi ya pale antena moja inapoweza kuonana na nyingine, au zaidi kidogo. Hayavuki bahari kutoka Marekani. Na Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa, TMA, haipitishi tahadhari zake kwa njia hiyo.

Kwa hiyo ukiiambia skana itafute hali ya hewa ukiwa Moshi, utaona masafa saba yanazunguka kwenye kioo bila kusimama. Ikitokea imesimama, usidhani umepata utabiri. Masafa ya jirani na megahezi 162 huku yanaweza kuwa yamepewa mtu mwingine kabisa kwa shughuli zake. Kibaya zaidi ni kuacha tahadhari ikiwa imewashwa kwa kipaumbele. Mashine itakuwa inakatiza unachosikiliza mara kwa mara ili ikachungulie masafa ya NOAA, na unachosikia wewe ni maneno yanayomeguka. Mwenzangu mmoja wa Arusha alikuwa ameshaanza kuilaumu antena, tukaingia kwenye menyu, tukazima tahadhari, na sauti ikatulia hapo hapo.

Kuna jingine ambalo mnunuzi hulijua akishafika nalo nyumbani. Skana hii inapokea kuanzia megahezi 25 hadi 54, kisha inaruka hadi 108. Inaendelea mpaka 174, halafu 225 hadi 380, halafu 400 hadi 512. Redio zote za FM ziko ndani ya ile nafasi iliyorukwa, kati ya 88 na 108. Maana yake, tahadhari ya TMA ikisomwa TBC Taifa au kwenye redio yoyote ya FM hapa mjini, skana yako haiisikii. Redio ya kawaida ya jikoni inaishinda kwa hilo.

Nalisisitiza kwa sababu hapa chini ya mlima mvua si mchezo. Mvua inaweza kupiga Kibosho, kule juu mlimani, usiku kucha na mjini watu wakaamka vumbi likiwa pale pale, kumbe mito ya Karanga na Rau inashuka imejaa. Waliokuwa Moshi Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa. Tahadhari za TMA zina ngazi zake: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu, na wanatoa utabiri wa athari wa siku tano mbele. Fuata kurasa zao, acha redio ya FM karibu wakati wa masika, na skana iache ifanye kazi inayoiweza.

Sasa tuje kwenye hiyo kazi. Kuna tofauti kati ya kuskani na kupekua, na wanaoanza huzichanganya. Kuskani ni kuzungukia chaneli ulizoziandika mwenyewe. Hapa unazo 500, zimegawanywa kwenye benki 10 zenye chaneli 50 kila moja, na kila chaneli unaweza kuipa jina. Kupekua ni kuipa mashine mwanzo na mwisho, ikatembea katikati hatua kwa hatua, na ikikuta wimbi inasimama usikilize. Kupekua ndiko kunakokuonyesha usichokijua, na ndiko kunakohitaji mpangilio.

Kiwandani imewekewa huduma za kupekuliwa: polisi, zimamoto, reli, majini, ndege, mbio za magari, redio za ridhaa na nyinginezo. Zote zimekatwa kwa vipimo vya Marekani. Mfano ulio wazi ni huu wetu wa ridhaa. Kule bendi ya mita mbili inaanzia megahezi 144 hadi 148. Tanzania iko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa linalogawa masafa, pamoja na Afrika yote na Ulaya, na kwenye kanda yetu bendi hiyo inaishia 146. Ukitumia huduma ya kiwandani, kwenye nusu nzima ya bendi hiyo skana inapekua mahali ambapo hakuna mtu wa ridhaa hata mmoja, na kila ikisimama huko inakuletea mazungumzo yasiyokuhusu. Kwenye bendi ya sentimita 70 ni vivyo hivyo: wao wanaanzia 420 hadi 450, sisi 430 hadi 440.

Dawa yake ni upekuzi wa kujiwekea. Mashine ina nafasi 10 za aina hiyo. Ingia kwenye menyu, chagua nafasi ya kwanza, andika 144.000 na 146.000. Nafasi ya pili, 430.000 na 440.000. Nyingine zote zizime. Wakati wa kupekua, vitufe vya tarakimu ndivyo vinavyowasha na kuzima kila nafasi, kwa hiyo huhitaji kurudi kwenye menyu kila saa. Halafu iache ile subira ya sekunde mbili baada ya wimbi kukatika. Ukiiondoa, utasikia mtu akiita na hutasikia akijibiwa, kwa sababu skana itakuwa imeshaondoka.

Hapo ndipo utakapokutana na adui wa kweli wa skana kwenye nyumba zetu, ambaye ni taa na chaja. Balbu za LED za bei rahisi, chaja za simu zisizo na chapa, inveta za sola, vyote vinamwaga kelele za redio. Siku moja darasani upekuzi ulikuwa unasimama pale pale, unakoroma, hakuna mtu anayeongea. Nikabonyeza L/O, kitufe cha kuyaruka masafa, mara moja, ikaendelea. Ikazunguka, ikasimama jirani yake. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Madam, tukizima taa je?" Akaenda akazima swichi ya ukumbi, na mkoromo ukakatika. Tangu hapo wamekuwa wakiitumia kama chombo cha uchunguzi: wanaizungusha karibu na kila chaja shuleni na kuandika ipi inachafua masafa gani. Sikuwa nimefikiria somo hilo, na limewafundisha kuhusu mawimbi kuliko mchoro wowote niliowahi kuchora ubaoni.

Kitufe hicho cha L/O ukijue vizuri. Ukibonyeza mara moja, masafa yale yanarukwa kwa muda, na ukizima mashine yanarudi. Ukibonyeza mara mbili, yanarukwa moja kwa moja mpaka uyafungue mwenyewe. Kelele ya taa iruke kwa muda tu, kwa sababu kesho utakuwa mahali pengine. Mara mbili iweke kwa yale masafa ambayo mashine inajinong'oneza yenyewe, maana kila skana inayo machache yanayotokana na mitambo yake ya ndani. Utayajua kwa kufungua antena: ikibaki imesimama hapo hapo bila antena, mchawi yumo ndani.

Huduma ya ndege nayo inaanzia 108, na hadi 118 kuna vinara vya kuongozea ndege vinavyorusha wimbi bila kupumzika. Uwanja wa ndege wa KIA hauko mbali na Moshi, kwa hiyo upekuzi unaweza kunasa hapo na usitoke. Lakini kabla hujasikiliza ndege, na kabla hujagusa kabisa polisi, zimamoto na kampuni za ulinzi, nenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, uulize. Wana ofisi ya kanda Arusha. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 hairuhusu kunasa mawasiliano ya watu bila kibali. Mimi huduma hizo nimezizima zote, na Close Call, ile inayodaka chochote kinachorusha jirani, nimeizima pia. Sitaki watoto wa shule wajifunze kwamba redio ni ya kudukizia. Na anayetaka skana kwa udukizi atajikuta mikono mitupu vilevile, maana hii ni ya analogi tupu. Redio za dijitali inazisikia kama mchanga unaomiminwa kwenye debe.

Kilichonifanya niipende hasa ni kituo cha anga za juu, ISS. Kinapita juu yetu umbali wa kilomita kama 400, na kila pito zuri linakupa dakika kama kumi. Sauti yake ya ridhaa inashuka kwenye 145.800 kwa FM, wanaanga wanapozungumza na shule, na mara nyingine picha zinarushwa hapo hapo. Wakati mwingine kinawasha ripita, mtambo unaopokea sauti za watu wa chini na kuzirusha upya, ambayo unaisikia kwenye 437.800. Hii ya pili inataka mpangilio. Kituo kinakwenda kasi kiasi kwamba masafa yanasogea, yanakuwa juu kinapokuja na chini kinapoondoka. Kwenye 145.800 msogeo haufiki kilohezi nne, skana inauvumilia. Kwenye 437 unafika kilohezi kumi hivi. Kwa hiyo nimeweka chaneli tatu zinazofuatana kwenye benki moja: 437.8125, 437.800 na 437.7875. Kinapochomoza unaanza na ya kwanza, kikiwa juu unashika ya katikati, kikielekea kuzama unashuka kwenye ya tatu. Unafanya kwa mkono, umebonyeza Hold ili skana isizunguke yenyewe, na unasikia kabisa sauti inavyokwaruza na kusafika tena unapohama chaneli. Kusogea huko ndiko kunakoitwa athari ya Doppler, na iko kwenye mtaala. Wanafunzi wangu waliisikia kwa masikio yao, wamesimama uwanjani wameelekea mlimani, na aliyekuwa akiita alikuwa na alama ya wito inayoanza na ZS, yaani Afrika Kusini. "Madam, anasikika Moshi?" Anasikika Moshi, ndiyo.

Kwa pito kama hilo, antena ya mpira inayokuja nayo ishikilie kwa kulaza, usiielekeze ncha kwenye kituo. Ncha ya antena ndiyo isiyosikia. Mdomo wake ni wa BNC, kwa hiyo ukipata antena ndefu zaidi unaibadilisha bila fundi. Ya nje ya paa nayo inaleta tofauti kubwa, ila radi ikianza kunguruma ichomoe.

Umeme si shida. Inatumia betri mbili za AA, saizi zilezile za rimoti, na inachajiwa kwa waya wa USB. Ndani ya sehemu ya betri kuna swichi ndogo ya kuchagua aina ya betri, na naomba uisome hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ukiweka betri za kawaida za dukani, swichi iwe upande wa alkalini, maana hizo hazichajiki, na kujaribu kuzichaji ni hatari. Zinazochajika ndizo za kuwekwa upande wa Ni-MH.

Bei kule Marekani inazidi dola 100, na hiyo ni kabla ya ushuru wa hapa, kwa hiyo uliza gharama zote kwanza, pamoja na idhini ya kifaa chenyewe TCRA. Ndugu yako akiwa Ulaya badala ya Marekani, mwambie atafute UBC125XLT. Ni ndugu wa hii, imepangiwa soko la Ulaya, na kwa kuwa wao nao wako Kanda ya 1, mambo ya kurekebisha ukishaitoa kwenye boksi yanapungua.