TAHADHARI WANA TABORA: "wakaguzi wa majitaka" wanaokuonyesha video ya bomba ambalo si lako

Ndugu zetu wa Tabora mjini, hasa wenye nyumba zilizoungwa kwenye mtandao wa majitaka, na zaidi wazee wetu wanaoishi peke yao kwenye nyumba za zamani: wapo watu wanaopita nyumba kwa nyumba wamevaa reflekta, wamebeba kamera ndogo yenye waya mrefu, wanasema wanakagua mabomba ya majitaka. Ukaguzi ni bure. Baada ya nusu saa unaonyeshwa kwenye simu bomba lililopasuka, unaambiwa ni la kwako, unatishiwa faini, kisha unaombwa nusu ya malipo leo hii ili kesho waanze kuchimba kutoka chooni hadi barabarani.

Usitoe hela. Fungua chemba zako kwanza, yaani yale mashimo yenye mifuniko kwenye mstari wako wa majitaka.

Ulaji wao wote umekaa kwenye mifuniko ambayo mwenye nyumba hajawahi kuifungua. Kwa kawaida bomba lililo ndani ya kiwanja chako, hadi pale linapoingia kwenye mtandao, ni jukumu lako. Mtandao wa barabarani ni wa TUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Tabora mjini. Asiyejua mpaka huo atalipia tatizo la barabarani kana kwamba ni lake, au atachimba mita kumi na nne kwa tatizo la nusu mita.

Choo kikirudisha maji, anza na chemba iliyo karibu zaidi na nyumba. Ikiwa kavu wakati choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya choo na chemba hiyo, na pengine ni kipande kifupi tu kilichopita chini ya sakafu. Ikiwa imejaa, nenda ya pili, halafu ya tatu. Kizuizi kiko kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo kavu. Ikiwa zote zimejaa na ile ya barabarani nayo imejaa hadi juu, tatizo si lako: piga simu mamlaka, na asije mtu akakuuzia bomba. Kazi hii inahitaji mtaimbo wa kunyanyulia mifuniko na robo saa. Tumeshindwa kuelewa "mkaguzi" anayeanza na kamera bila kugusa mfuniko hata mmoja.

Sasa video yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapoishiwa nguvu. Picha ya bomba bovu inatisha, na wao wanalijua hilo. Ukaguzi wa kweli unaanza baada ya bomba kusafishwa, kwa sababu kamera ikiingia kwenye mafuta na kinyesi haioni kitu. Kamera inashushwa kwenye chemba yako ukiwa umesimama hapo, karatasi yenye namba ya nyumba na tarehe ikionekana kwanza, na kihesabu cha mita kwenye kioo kikiwa sifuri. Picha haikatwi katikati. Likionekana tatizo, mkaguzi anasimamisha kamera, anasoma mita, kisha unapima kwa tepu juu ya ardhi kutoka kwenye chemba hadi umbali huo na kuweka alama. Mwenye vifaa kamili ana pia kifaa cha kupokea mawimbi ya kichwa cha kamera kutoka juu ya ardhi, na kitakuonyesha mahali penyewe na kina chake.

Linganisha mambo matatu, hata kama video imepigwa zamani. La kwanza ni mita: kama kutoka chemba hadi barabarani ni mita 14 na kihesabu kinasoma 31, hilo bomba si lako. La pili ni aina ya bomba. PVC ya kuzikwa ardhini mara nyingi ni ya rangi ya kahawia au chungwa, ndani ni laini, na haina kutu. Ukionyeshwa ukuta wenye magamba ya kutu au saruji iliyolika wakati kwako kuna PVC, umeonyeshwa nyumba ya mtu mwingine. La tatu watu wengi hawalifikirii: viungo. PVC inauzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo kwenye mstari ulionyooka kiungo huonekana kila baada ya mita 6 hivi. Mabomba ya zamani ya udongo wa kuchomwa ni mafupi, viungo vyake hufuatana chini ya kila mita moja. Hesabu viungo kwenye video. Hilo hawawezi kulibadilisha.

Ujue pia kusoma unachokiona. Kioo cha kamera kikizama majini, maana yake bomba limekaa kama tumbo au kuna kizuizi mbele, si lazima kuna ufa. Nyuzinyuzi zinazoning'inia kwenye kiungo ni mizizi. Alama nyeusi zinazofuata mtiririko chini ya bomba mara nyingi ni uchafu wa kawaida, lakini hawa huzungushia duara jekundu na kusema ni mpasuko.

Ukishaweka alama, chimba hapo tu. Shimo la mita moja kwa mita moja na robo linatosha kuona ukweli kabla ya kukubali kuchimba uwanja mzima. Anayekataa shimo hilo dogo hataki uone.

Kauli nyingine wanayoipenda ni kwamba tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora presha imepanda, na mabomba ya zamani ya majitaka hayahimili, yabadilishwe kuwa ya inchi 6. Presha ya maji safi inaishia kwenye koki yako. Majitaka yanatembea kwa mteremko tu. Bomba la inchi 4 lenye mteremko sahihi likijaa hupitisha takriban lita 8 kwa sekunde, yaani ndoo ya lita 20 kwa muda usiozidi sekunde tatu. Hakuna familia inayomwaga kiasi hicho kwa pamoja. Yanayoziba bomba ni mafuta ya kupikia yanayoganda, taulo za kike, pampasi, mchanga na majivu ya kuoshea vyombo, mizizi, na mteremko mbovu. Bomba kubwa lisilo na mteremko huziba vilevile, tena pengine haraka zaidi, kwa sababu maji husambaa kidogo kidogo chini na kuacha mzigo nyuma.

Mteremko wenyewe ni hesabu rahisi. Bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita, yaani mita 10 zishuke sentimita 25. Inchi 6 lishuke karibu sentimita 1.7 kwa mita. Pima kwa mpira wa maji (mpira unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, ambayo husimama usawa mmoja kwenye ncha zote mbili): weka alama za usawa mmoja juu ya chemba mbili, pima kutoka alama hadi sakafu ya kila chemba, toa, kisha gawanya kwa umbali. Tofauti ikiwa sifuri au imegeuka, hapo kuna kazi ya kweli ya kufanya, na umeigundua bila kamera.

Miembe. Mji wetu umejaa miembe, na hawa jamaa huanza na kukata mti. Mzizi hautoboi bomba zima, unaingia pale ambapo kiungo tayari kinavuja unyevu. Ukikata mwembe ukaacha kiungo, bado kinavuja. Ukiondoa mizizi kwa fimbo za kuzibulia bila kutengeneza kiungo, itarudi. Chimba penye kiungo kibovu, kata kipande, weka kipya, mwembe ubaki na kivuli chake.

Tengenezo la namna hiyo kwenye PVC linahitaji kipande cha bomba cha takriban mita moja, soketi mbili za kuteleza (zisizo na kizuizi cha ndani, ili ziweze kurudishwa nyuma kisha kuvutwa mahali pake), pete zake za mpira, na sabuni ya maji ya kulainishia. Usipake mafuta ya gari, yanaharibu mpira. Pale PVC inapokutana na bomba la udongo tumia kiungo cha mpira chenye klampu za chuma cha pua. Saruji haishiki kwenye PVC. Kiungo kilichopakwa saruji huonekana kizuri siku ya kwanza, ardhi ikijikunja msimu wa mvua kinaachia.

Hapa kwetu kuna ubaya mwingine ambao hata mafundi wasio matapeli wanaufanya: kuchoma mwisho wa bomba kwenye moto ili kupanua mdomo, badala ya kununua soketi. Ukuta unakuwa mwembamba, mdomo unakuwa na mikunjo, na kinachopita kinanasa hapo. Kataa waziwazi. Kataa pia kona ya nyuzi 90 chini ya ardhi, ziwekwe mbili za nyuzi 45. Mahali mistari miwili inapokutana iwekwe wai (kiungo chenye umbo la Y) inayofuata mtiririko unakokwenda, si tii (chenye umbo la T).

Kwenye vifaa ndipo wizi wa kimyakimya ulipo. Bomba la kuzikwa la inchi 4, yaani milimita 110 kwa nje, la daraja la kawaida la ardhini lina ukuta wa milimita 3.2. Wanakuandikia hilo kwenye karatasi, wanaleta lile jembamba la ukutani, ambalo ukiliminya kwa mikono linabonyea. Pima ukuta, soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba. Hesabu urefu pia: mstari wa mita 14 unahitaji pisi 3 za mita 6, na kipande kinachobaki ni mali yako. Ukiandikiwa pisi 8, umeshajua. Tunashauri ununue vifaa mwenyewe dukani na fundi umlipe ufundi. Makubaliano yaandikwe kwa sehemu: uchimbaji kwa mita, bomba kwa pisi, viungo, chemba, na kurudishia ardhi. Bei moja ya jumla ni pazia.

Kabla ya kufukia, lazima uone. Chini ya bomba kuwe na mchanga sentimita 10, pembeni na juu mchanga usio na mawe, kisha udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 15 zinazoshindiliwa. Halafu jaribio la maji: ziba mwisho wa chini, upande wa juu simamisha kipande cha bomba ili maji yasimame mita moja na nusu, acha saa mbili yatulie, ongeza hadi alama, kisha ngoja dakika 30. Bomba jipya la inchi 4 lisipoteze zaidi ya lita 0.05 kwa kila mita. Kwa mita 14 hiyo ni lita 0.7. Likipoteza ndoo, kuna kiungo kinavuja na malipo ya mwisho hayatoki.

Jihadharini na "dawa ya kuzibua" inayouzwa kwenye chupa za maji zisizo na lebo. Mara nyingi ni asidi ya betri au magadi makali ya sabuni. Vikikutana ndani ya bomba vinachemka na kurusha, na asidi ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo hutoa gesi ya klorini. Joto likipita nyuzi 60 hivi PVC inalainika na kujikunja. Na msimruhusu mtu yeyote, wa kwao au kijana wa mtaani, kushuka kwenye chemba ndefu au shimo la majitaka. Gesi ya humo ikiwa kali inaua pua kwanza, huisikii harufu tena, ndipo unaanguka. Anayeshuka kumwokoa mwenzake anaanguka juu yake. Hakuna hela ya kuzibulia inayolingana na hilo.

Kwa ambao hawajaunganishwa, kuna tapeli wa aina yake: anakuahidi kukuunga kwenye mtandao kwa bei ya chini, bila foleni ya ofisini. Bomba linaishia kwenye mfereji wa mvua, au linatobolewa kwenye bomba la mamlaka usiku. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 hairuhusu kujiunganishia, na atakayeulizwa ni wewe mwenye nyumba. Maunganisho yanaombwa ofisini, na malipo ya serikali yanapita kwa kontroo namba: ukiiingiza kwenye simu, jina la taasisi linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu binafsi, acha hapohapo. Kama umeshaunganishwa na una shaka, changanya rangi ya chakula kwenye ndoo mbili za maji, mimina chooni, na mtu asimame kwenye chemba ya barabarani, mwingine kwenye mfereji. Dakika kumi zinatosha kujua yanakoelekea.

Mkaguzi anayesema katumwa na mamlaka aonyeshe kitambulisho, na wewe upige simu ofisini kwa namba iliyo kwenye bili yako, si kwa namba anayokupa yeye. Mwite na mjumbe ashuhudie.

Kama umeshalipa, usione aibu na usinyamaze. Tunza ujumbe wa muamala, piga picha ya vifaa vilivyoletwa, omba nakala ya video waliyokuonyesha (wakikataa, andika tarehe na saa walipokataa), kisha toa taarifa serikali ya mtaa na polisi. Piga simu mara moja kwa mtandao wa simu uliotumia kutuma hela, maana muamala unaweza kuzuiwa ikiwa hela haijatolewa. Shimo walilokuachia wazi lizungushie miti na kitambaa cha rangi leo hii, watoto wanapita hapo.