Kolonoskopi ya hewa na ya maji: zote mbili zimenipitia

Kolonoskopi ni kile kipimo cha kupitisha bomba lenye kamera njia ya haja kubwa, kuangalia utumbo mpana; mimi nimefanyiwa mara mbili, hospitali mbili. Nianze kwa haki. Hospitali ya kwanza ina jengo safi, mashine ya Kijapani, na skrini kubwa kuliko televisheni yangu ya nyumbani. Mapokezi wanakukaribisha vizuri. Dokta mwenyewe ana mkono mwepesi na sina ugomvi naye sana. Ugomvi wangu ni na maneno niliyoambiwa na nesi nikiwa nimelala ubavu wa kushoto, gauni liko wazi nyuma, bomba liko ndani, nami naomba wasimame kidogo: "Mama, si umezaa wewe? Hii ndiyo ikushinde?"

Nimezaa, ndiyo. Wote kwa kisu! Na mtu aliyepasuliwa tumbo anaweza kuwa na makovu yanayoshikanisha utumbo na nyama za jirani, bomba likifika kwenye kona likagoma kupinda bila kuvuta. Mwanamke aliyefanyiwa operesheni ya kizazi anajulikana kabisa kuwa kipimo hiki kinaweza kumwia kigumu. Hilo ndilo walipaswa kuniuliza kwenye fomu. Hawakuuliza. Wakaja kuniuliza kuhusu uzazi wangu katikati ya kipimo, tena kwa kejeli. Binti mwenyewe ni wa kumzaa.

Nilikwenda kwa sababu nilikuwa naona damu chooni, kidogo kidogo, na kaka yangu mkubwa aliwahi kukutwa na saratani ya utumbo mpana. Mwenye ndugu wa damu aliyeugua hivyo hasubiri miaka 45, umri wa kuanza kupimwa ambao Marekani waliupendekeza mwaka 2021 kwa watu wa kawaida. Anashauriwa kuanza na 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo sikwenda kutalii.

Dawa ya kusafisha tumbo niliambiwa niinywe yote jioni. Kipimo kikaja kufanyika kesho yake, adhuhuri imeshapita. Nimefika, njaa imenikaba, naambiwa daktari wa usingizi hayupo. Ama nirudi siku nyingine, yaani nianze upya kunywa lile dubwasha, ama nifanyiwe nikiwa macho. Wewe ungechagua nini? Na kufanyiwa ukiwa macho si dhambi. Kule Norway ni jambo la kawaida. Lakini anayefanyiwa macho anahitaji watu wanaojua kumfanyia aliye macho.

Pale walijaza hewa. Utumbo umejikunja, bila kupanuliwa kamera haioni kitu, hilo naelewa. Ila walitumia hewa hii hii tunayovuta, ambayo sehemu yake kubwa ni nitrojeni, na mwili hauna haraka ya kuinyonya. Inakaa humo mpaka itoke ilikoingilia. Utumbo kwa ndani hausikii kukatwa, unasikia kuvutwa na kujazwa, na mimi nilivutwa na kujazwa mpaka tumbo likawa ngoma. Baadaye nimesimama kwenye korido nimeshika ukuta, naona haya, hakuna nesi wala dokta. Aliyenisaidia ni mama wa usafi. Akaweka fagio pembeni, akanifunga kanga yake nyuma, akaniambia, "Jamba tu dada yangu, hapa ndipo mahali pake."

Ripoti ikasema utumbo ni msafi, hakuna kitu. Msafi! Mimi nilikuwa macho, skrini naiona, na upande wa mwisho kule kulia kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya rangi. Ndiyo matokeo ya kunywa dawa yote jioni.

Damu haikukoma. Baada ya miezi kadhaa shemeji akanisukuma hospitali nyingine. Daktari wa kule alisoma ripoti yangu akaigeuza nyuma kana kwamba kuna ukurasa umebaki. Akauliza, picha ya mwisho wa utumbo, pale penye tundu la kidole tumbo, iko wapi? Haikuwepo. Na muda dokta aliotumia kulitoa bomba umeandikwa wapi? Hamna. Nikajifunza kwamba polipu, yaani vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, hutafutwa hasa wakati wa kutoka, na kiwango cha miaka mingi ni kutoka polepole, si chini ya dakika 6. Tangu dokta wa kwanza aliposema "sasa natoka" hadi naambiwa vaa nguo, Ayatul Kursi haikufika mara tatu.

Huku dawa nilinywa nusu jioni, nusu alfajiri. Usingizi walinipa chaguo nikaukataa, kwa ubishi tu, nilitaka nione. Wakaingia na maji ya uvuguvugu badala ya hewa. Hewa iliyokuwemo wakainyonya, wakawa wanaingiza maji na kuyatoa na uchafu wake, kidogo kidogo. Utumbo haurefuki kwa kujazwa, na ukuta unaoshwa njiani. Wakati wa kutoka wakapanua kwa kaboni dayoksaidi, ambayo mwili unainyonya upesi ukaitoa kwa pumzi. Nisidanganye, kwenye kona ya kushoto iliuma. Nikasema "dokta, hapo", akasimama. Nesi akanigeuza nilale chali, akanibonyeza tumbo kwa kiganja, bomba likapita. Basi. Kusimama tu kidogo, ndicho nilichokuwa nimeomba kule.

Na upande wa kulia, nyuma ya mkunjo, wakakuta polipu bapa ya milimita 8. Nikaiangalia kwenye skrini ikivalishwa kitanzi cha waya na kukatwa, sikusikia hata kuchomwa. Maabara wakasema ni adenoma, ile aina ambayo ikiachwa miaka inaweza kugeuka saratani. Damu yenyewe, kumbe, ilikuwa ya bawasiri.

Sasa wanaouliza ipi bora: tafiti zilizolinganisha zinaonyesha kaboni dayoksaidi inakupunguzia maumivu ya gesi baadaye, lakini haimwongezei daktari macho. Njia ya kubadilisha maji, yaani kuyaingiza na kuyatoa, imepunguza maumivu na pia imeonyesha adenoma nyingi zaidi kuliko hewa. Kuingia kunachukua muda mrefu zaidi, labda ndiyo maana wengine hawaitaki.

Hospitali ya pili nayo si peponi. Bei yao inauma kuliko bomba, bima yangu ilikubali sehemu tu, na dada wa mapokezi anaongea na simu yake kuliko na mgonjwa. Nilisubiri mpaka nikataka kuondoka.

Nilitaka kuipa ya kwanza nyota tatu, kwa sababu polipu bapa za upande wa kulia zinajua kujificha na zinaweza kumponyoka hata bingwa. Kweli kabisa. Lakini aliyeponyokwa baada ya kutafuta si sawa na aliyetoka mbio. Halafu nikapeleka malalamiko kuhusu yule nesi, nikajibiwa kwamba "alikuwa anakutia moyo." Kunitia moyo! Basi ziwe mbili. Hapana, iwe moja, na hiyo moja ni ya mama wa usafi, wasije wakaiweka kwenye tangazo lao. Kanga yake nilimrudishia imefuliwa, nikaongeza na ya kwangu mpya.