Mvinyo mwekundu wa Ufaransa: soma mstari mdogo kabla ya kutoa hela

Malalamiko ya wasomaji yanafanana: chupa nzito, picha ya jumba la kifahari, maandishi ya dhahabu, na ukiifungua unakuta kinywaji kisichokuambia kimetoka shamba gani. Wengi hulaumu aina ya zabibu au mwaka wa mavuno. Mimi naanza na mstari ambao wanunuzi huuruka, ule wa Mis en bouteille, unaosema chupa ilijazwa wapi na nani.

Ukikuta "au domaine", "au château" au "à la propriété", mvinyo ulitiwa chupani kwa mwenye zabibu au kwenye ushirika wa wakulima. Ukikuta "dans nos chais", au "par" na jina la kampuni, mara nyingi ni mfanyabiashara aliyenunua mvinyo huku na kule akauchanganya. Wapo wafanyabiashara hodari, lakini kwa bei ya kawaida mchanganyiko huo huua ladha ya ardhi. Kisha tazama juu ya kifuniko kinachofunika kizibo. Kama kina muhuri wa Marianne, R ni mkulima, N ni mfanyabiashara, E ni mwenye ghala, na namba ni ya wilaya: 33 Gironde, 69 Rhône, 84 Vaucluse. Tangu 2019 muhuri huo si lazima, kwa hiyo ukikosekana rudi kwenye lebo.

Usilipe zaidi kwa sababu ya Vieilles Vignes. Maana yake ni mizabibu mizee, ila sheria haikutaja umri.

Nafasi ya kwanza naipa Morgon, mvinyo wa zabibu ya gamay kutoka Beaujolais, hasa ya kilima cha Côte du Py. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philip the Bold, aliamuru zabibu ya gamay ing'olewe kwenye ardhi yake. Huku kusini, Beaujolais, imestawi. Udongo wa Côte du Py ni mwamba wa kale wa rangi ya bluu wenye chuma, unaomeguka mkononi, na wenyeji huuita jiwe lililooza. Maji hupita upesi, mizizi huzama kwenye nyufa, na mvinyo hutoka na uzito ambao Beaujolais ya kawaida haina. Nampendelea mtengenezaji Jean Foillard waziwazi. Anatumia salfa, dawa ya kuhifadhi mvinyo, kidogo sana, kwa hiyo chupa zake haziwezi joto: kama duka halina kiyoyozi, au kizibo kimesukumwa juu ya mdomo wa chupa, au kuna unyevu wa kunata chini ya kifuniko, iache. Nywa kwenye nyuzi 14 hivi. Kwa joto la Dar au Mombasa, iweke kwenye friji kwanza.

Ya pili ni Gigondas, kusini mwa Ufaransa. Mizabibu ya grenache hupanda miteremko ya chokaa chini ya milima ya Dentelles de Montmirail, usiku kuna ubaridi, na kwa kawaida bei iko chini ya jirani yake Châteauneuf-du-Pape.

Ya tatu ni Fronsac, eneo la Bordeaux karibu na Saint-Émilion. Zabibu ya merlot huiva mapema, ndiyo maana huuvumilia udongo wa mfinyanzi ulio baridi. Cabernet sauvignon huchelewa kuiva na huhitaji changarawe za Médoc, eneo jingine la Bordeaux, zinazotunza joto.

Bordeaux ya bei rahisi isiyotaja kijiji: ipikie nyama.

Kinachoniudhi ni bei ya jina. Orodha ya madaraja ya Médoc ya 1855 ilipanga majumba (châteaux), si mashamba. Jumba likinunua shamba jingine ndani ya eneo lilelile la AOC, yaani eneo la asili linalotambuliwa kisheria, daraja lake halibadiliki. Clos de Vougeot, shamba la Burgundy, ni hektari 50 hivi ndani ya ukuta mmoja, wamiliki ni wengi, na zote zina hadhi ya Grand Cru, daraja la juu kabisa la Burgundy. Juu kuna chokaa na mawe, maji hayatuami. Chini kando ya barabara ni mfinyanzi mzito unaoshika maji. Hata hivyo wauzaji hutoza ya chini bei ya juu. Tafuta jina la kipande kwenye lebo: Grand Maupertui, kwa mfano, iko juu. Lisipokuwepo, muulize muuzaji mizabibu iko upande gani wa mteremko. Akishindwa kujibu, usimpe hela ya Grand Cru.