Begi la safari la Mwanjelwa: zima mpaka Kyela, mshono ukaachia Matema

Usinunue. Naanza na hilo ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka chini.

Nazungumzia yale mabegi makubwa ya mgongoni, meusi yenye ukingo wa kijani, yaliyojaa sasa hivi kwenye maduka ya Mwanjelwa, Mbeya, na kuuzwa kwa jina la "begi la safari". Lina lita ngapi, lina mifuko mingapi, hayo yameandikwa kwenye lebo na kila mtu atajisomea. Ninachokieleza mimi hakipo kwenye lebo: pale juu mgongoni, mkanda wa bega unapoingia kwenye mwili wa begi. Ni sentimita 5 tu za mshono, na ndizo zilizoniharibia safari.

Langu liliachia kati ya Matema na Lyulilo, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, miezi ile ambayo Mbeya mjini watu wanavaa makoti. Mzigo haukuwa wa kutisha: hema dogo, shuka, nguo chache, sufuria moja, lita 2 za maji, na sweta ambalo Uyole unalishukuru na Ipinda unalichukia. Jumla kilo 11, kwa mizani ya muuza mchele. Mkanda wenyewe haukukatika, ni mzima mpaka leo. Uzi ndio ulioachia, tundu moja baada ya jingine, kwa mlio kama wa zipu inayofunguliwa taratibu, kisha begi lote likaangukia bega la kushoto na mgongo wake ukabaki na uwazi wa upana wa kiganja. Ukichungulia humo unaiona sponji ya mgongoni, haifiki hata unene wa sentimita 1. Ndipo unapojua umeuziwa nini.

Begi lililoshonwa na mtu anayejali lina kipande cha kitambaa kigumu ndani ya ukuta wa mgongo, na mkanda unazamishwa kati ya matabaka hayo sentimita 3 au 4 kabla ya kushonwa. Juu yake unapigwa mraba wenye msalaba katikati, halafu mshono wa kwenda na kurudi kwenye kingo. Uzito unagawanyika kwenye mraba wote, hakuna uzi mmoja unaobeba peke yake. Hili nimelifumua lote. Mkanda umeingia ndani chini ya sentimita 1. Umepitiwa na cherehani mara moja, mstari mmoja ulionyooka, na mstari huohuo umeshika pia kishikio cha juu na ukingo wa mgongo. Yaani konda akilirusha kwenye keria kwa kukamata kile kishikio, anavuta uzi uleule unaoshika mabega yako. Ncha ya mkanda haikuchomwa moto, kwa hiyo nyuzi zake zinachambuka na kuchomoka kwenye mshono kidogo kidogo kila unaponyanyua mzigo.

Matundu ya sindano nayo yamesogeleana mno. Wengi hudhani mshono wa karibukaribu ndio imara. Kwenye kitambaa chepesi cha nailoni kisichotiwa kiraka nyuma, matundu yaliyobanana yanakidhoofisha kitambaa, kisha kinachanika kwa kufuata mstari wa matundu hayo. Nafasi ya milimita 3 mpaka 4 inatosha.

Halafu uzi. Chomoa kipande kwenye mshono wa ndani, kiwashie kiberiti. Uzi wa nailoni au poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Wa pamba huwaka, ukabaki jivu lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Wa kwangu ulibaki jivu! Uzi wa pamba kwenye shati hauna neno. Kwenye mkanda unaolowa jasho mchana, ukakauka nusu usiku, ukalowa tena kesho yake, unaoza. Na kule ni kulowa kweli: kutoka Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, unapita baridi ya Isyonje na migomba ya Tukuyu, kisha unatumbukia mpaka ziwani, chini ya mita 500, kwenye joto lenye unyevu. Mgongo unalowa kabla hujatoka stendi ya Kyela.

Mkanda wa kiunoni ni pambo tu. Mkanda wa kweli ni mpana, una sponji ngumu, unakaa juu ya mifupa ya nyonga na kuchukua sehemu kubwa ya uzito ili mabega yapumue. Huu ni utepe wa sentimita 2 na nusu wenye kishikizo cha plastiki. Kujaribu ni rahisi, na ufanye hapohapo dukani: mwombe muuzaji akutilie ndani vitu vizito, hata mabunda ya jinzi, vaa begi, kaza kiuno, kisha legeza mikanda ya mabega. Likibaki limekaa nyongani, sawa. Likiteremka mpaka makalioni, jua kilo zote zitaning'inia kwenye ule mshono niliousema.

Kuna atakayeuliza kwa nini nisilibebe mkononi au nisichukue bodaboda, maana sasa lami ya Kikusya, Ipinda mpaka Matema ipo. Anayetembea peke yake kwenye mwambao ule hatembei kwa sababu ya kukosa usafiri. Anatembea ili akutane na watu, na watu wa kule hukutani nao ukiwa umekumbatia mzigo kifuani. Mzee wa Kinyakyusa anasalimiwa kwa kuinama kidogo, mikono miwili, "mugonile", na unasubiri akuulize habari za ulikotoka. Wavuvi wanaporudi asubuhi na usipa, dagaa wa ziwa lile, mgeni hahitaji hotuba: anakamata ubavu wa mtumbwi anasukuma nao mpaka mchanga mkavu, na kufikia hapo ameshaulizwa jina. Akina mama wanaoanika usipa wakiona una mikono miwili mitupu watakuonyesha namna ya kuutandaza, tabaka moja, usilundikane, ukilundikana unaoza katikati. Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, wanawake wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, na kupokea chungu kutoka kwenye mtumbwi unaoyumba ni kazi ya mikono miwili. Urafiki wa mwambao ule wote unaanzia mikononi. Begi linalokunyang'anya mkono mmoja limekunyang'anya nusu ya watu ambao ungewafahamu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Na ukitaka kulala kijijini kwenye hema, unakwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla jua halijashuka, unajieleza, yeye anakuonyesha mahali. Ukifika usiku, begi limechanika, umelivuta mchangani, unaonekana mtu mwenye matatizo, na maswali yanakuwa mengine kabisa.

Sasa muuzaji. Nilimrudishia begi likiwa safi, limekaushwa, pale mshono ulipoachia panaonekana waziwazi. Sikudai pesa yote. Nilimwomba achangie elfu 5 ya fundi, basi. Alikuwa anampimia mteja mwingine mkanda wa suruali, hakunitazama. Akasema: "Dada, hilo ni begi la mwanafunzi. Wewe umelifanya punda, unataka nani akulipe?" Begi la mwanafunzi! Lebo ina picha ya mtu amesimama juu ya mlima, mzigo umempita kichwa. Na nilipokuwa nanunua nilimuuliza linabeba kilo ngapi, akanijibu kwa mdomo wake, "Hata debe la viazi linakwenda." Debe la viazi ni karibu kilo 20. Nilipomkumbusha akasema, "Maneno ya biashara hayo, dada yangu," akaniambia nisogee, nazuia mlango. Kasoro ya kiwandani naweza kuisamehe, haikushonwa na yeye. Kuitwa mjinga mbele ya wateja kwa kuamini alichoniambia yeye mwenyewe, hapana.

Kinachonizidishia hasira ni kwamba sehemu iliyobaki ya begi ni nzuri. Niseme kweli. Kitambaa cha chini kilikwaruzwa na mawe ya njia ya kwenda Ikombe, pale milima ya Livingstone inapoingia karibu kabisa na maji, na hakikutoboka. Kifuniko cha mvua kina mpira unaobana vizuri. Kwenye mtumbwi, upepo wa mwera ulipokuwa unarusha maji ndani, nguo zilibaki kavu. Zipu ilipitisha mchanga bila kukwama, ingawa hapo matunzo yanahitajika: usiilazimishe zipu yenye mchanga, maana chembe zinakula kichwa cha zipu kwa ndani, na kikishalika meno yanaachana nyuma yake. Isuuze kwa maji ya ziwa (si ya chumvi, hayadhuru), piga na mswaki mkavu, pitisha kipande cha mshumaa. Meno yakianza kuachana, bana pande mbili za kichwa kwa koleo, kidogo sana, upande mmoja kisha wa pili. Ukizidisha nguvu kinavunjika.

Kwa hiyo ile "usinunue" ya mwanzo inahitaji maelezo. Begi hili linatengenezeka, na likitengenezwa linakuwa bora kuliko mengine ya bei yake.

Ya dharura ilifanywa ufukweni na kijana aliyekuwa anashona nyavu, kwa uzi wa nailoni wa nyavu na sindano ya magunia. Alirudisha mkanda ndani sentimita 4, akachoma ncha kwa kiberiti mpaka ikashikana, akapitisha uzi mara mbili huku mtu mwingine amekandamiza pande mbili zikutane. Alikataa pesa, akapokea sukari. Ndaga fijo, asante sana. Mshono wake ulivumilia njia yote iliyobaki, na Noah ya kurudi ambayo begi lilikaa chini ya ndoo za samaki.

Ya kudumu inafanywa na fundi viatu. Usimpelekee fundi nguo, sindano ya cherehani yake haipenyi, na ikipenya uzi utakuwa uleule. Nenda na kipande cha mkanda wa kiti cha gari, sentimita 30, gereji wanakuuzia kwa bei ya soda. Mwambie afumue sentimita 10 kila upande wa mkanda wa bega, mabega yote mawili, hata lile ambalo halijaachia, kwa sababu limeshonwa vilevile na zamu yake inakuja. Kipande cha mkanda wa gari, sentimita 15 kila bega, kinalala ndani ya ukuta wa mgongo kama kiraka. Mkanda wa bega unazama sentimita 4, ncha zote zimechomwa. Anashona mraba wa sentimita 5 kwa 4, msalaba katikati, mizunguko mitatu, uzi wa nailoni uliopakwa nta, nafasi milimita 4. Kishikio cha juu kitolewe kwenye mshono huo, kikashonwe peke yake chini kidogo. Hili la mwisho mafundi huliona usumbufu, watakuambia "kitashika tu". Usikubali.

Akimaliza, usilipe kwanza. Tia matofali mawili ndani, ning'iniza begi kwa mkanda mmoja kwenye msumari au tawi, liache robo saa. Kisha tazama kingo za mraba: kitambaa kikianza kukunjamana kuelekea tundu moja, uzi haukukazwa sawa, arudie. Mimi nililipa elfu 6 kwa yote, na bega halijasogea hata milimita.

Nikijumlisha bei ya begi, fundi na mkanda wa gari, bado ni nafuu kuliko begi la mtumba la watalii ambalo utalisaka Kabwe wiki nzima. Kwa hesabu hiyo ningesema nunua. Halafu namkumbuka yule bwana na mkanda wake wa suruali, na mkono unakataa kuandika hivyo. Begi nitaendelea kulitumia, nimelipenda. Duka lile shilingi yangu halitaiona tena. Ukiliona begi hili kwa muuzaji mwingine, fungua bitana, tazama mkanda umezama kiasi gani, choma uzi mbele yake. Ukibaki jivu, dai akupunguzie hapohapo kiasi cha kumlipa fundi, na akikubali, lipitishe kwa fundi viatu kabla hujatia hata soksi ndani.