Pampu ndogo ya grisi kwa propela ya guta: nunua, ila tupa bomba lake

Pampu hii ya mkono ni ile ndogo yenye kifyatulio, inayopokea kopo la grisi la gramu 85. Mimi naitumia kwa kazi moja tu, propela (shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi za nyuma) ya guta langu la injini, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, kwa hiyo wa magari makubwa wasinifuate.

Nianze na kilichonikera. Inakuja na bomba la chuma lililonyooka. Krosi ya propela, yaani kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu kujipinda, imekaa katikati ya uma mbili, na chuchu yake ya kuingizia grisi imejificha humo ndani. Chini ya guta nafasi ni finyu, kwa hiyo bomba gumu halifiki hata ungezungusha tairi mchana kutwa. Nimefunga mpira unaopinda na kazi ikawa kazi. Sijui kwa nini hawauzi na mpira tangu mwanzo.

Kichwa kinachong'ata chuchu nacho ni cha wastani. Ukikishika kombo, grisi inatokea pembeni na wewe unadhani imeingia. Futa chuchu kwanza kwa kitambaa, maana mchanga ulio juu yake utausukuma wewe mwenyewe hadi kwenye beringi. Kisha bonyeza kichwa kikae wima, ndipo uanze kupiga.

Hapo ndipo ninapoisifu. Msukumo wake una nguvu, na kwa kuwa kila pigo linatoa kidogo, unaona kinachoendelea. Kwanza inachomoza grisi kuukuu, nyeusi, kwenye kikombe kimoja kati ya vinne vinavyofunika ncha za krosi, vyenye beringi ndani. Endelea taratibu hadi grisi mpya ionekane kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikigoma, tikisa propela huku ukipiga. Mara nyingi kinafunguka. Kikitoa vumbi jekundu badala ya grisi, sindano za beringi, vile vyuma vyembamba vinavyoviringika ndani yake, zimeshashika kutu, na hapo hakuna pampu ya kukuokoa, badilisha krosi. Dalili nyingine ni mlio wa "ta!" ukiachia klachi au ukiingiza rivasi. Usisahau chuchu ya pale kwenye meno propela inapoingia na kutoka, kama yako inayo. Wengi wanaipita.

Grisi iliyokuja nayo sikuipenda, ni laini mno. Nimeweka ya lithiamu namba 2, ya kuhimili mzigo mzito. Usichanganye aina ovyo, maana nyingine zikikutana zinayeyuka na kumwagika. Ukibadilisha kopo hewa inanaswa ndani na pampu inapiga bure. Legeza kichwa kidogo, sukuma fimbo ya nyuma hadi grisi itokee, kaza tena.

Maelekezo ya kwenye boksi hayasemi neno kuhusu usalama, nami naona ni uzembe. Guta liwe mahali tambarare, injini imezimwa, matairi yamewekewa vigingi, na kama umeliinua liwe juu ya stendi, si jeki peke yake. Usizibe mdomo wa pampu kwa kidole. Grisi ya shinikizo ikipenya ngozi, tundu linaonekana dogo lakini ni la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Ukiifungua propela kwa sababu yoyote, piga alama ya rangi kwenye flanji (bamba la kufungia propela kwa bolti) na kwenye meno kabla hujagusa bolti. Uma za pande mbili zikirudi bila kulingana, guta litatetemeka na krosi mpya itakufa mapema, kisha lawama zitaangukia grisi.

Nyota tatu kati ya tano; ya nne ningeitoa kwa mpira. Mwenye krosi zilizozibwa kabisa, zisizo na chuchu, asijisumbue kuinunua. Zake zikikauka ni za kung'oa na kuweka nyingine.