Code_Aster na Salome-Meca: tathmini ya namna zinavyounganisha boriti na elementi za ujazo

Code_Aster ni programu ya kuhesabu nguvu na mikazo ndani ya miundo; ilianza kutengenezwa mwaka 1989 na EDF, shirika la umeme la Ufaransa, na tangu 2001 inatolewa bure chini ya leseni ya GPL, leseni ya programu huria. Watumiaji wengi huipata ndani ya kifurushi cha Salome-Meca, ambacho huongeza zana za kuchora umbo, kutengeneza wavu (mgawanyo wa umbo katika vipande vidogo vya hesabu, yaani elementi, vinavyokutana kwenye nukta ziitwazo nodi) na kutazama matokeo. Programu pana kiasi hiki inaweza kupimwa kwa mambo mengi, lakini hapa naipima kwa moja tu ambalo mhandisi wa miundo hawezi kulikwepa: je, inaunganisha vipi elementi za boriti, zinazochorwa kama mistari, na elementi za ujazo, zinazojaza umbo lote la pande tatu, ndani ya modeli moja?

Tuchukue mnara wa chuma unaobeba tangi la maji. Miguu na mikingamo yake ni mirefu na myembamba, na elementi za boriti zinaieleza vizuri kwa gharama ndogo ya hesabu. Mahali ambapo mguu umelehemiwa kwenye bamba la msingi ni tofauti, kwa sababu huko mikazo hujikusanya kwenye kona na pembeni mwa matundu ya bolti, na hakuna nadharia ya boriti inayoweza kuionyesha. Busara ni kufanya kiungo hicho kuwa cha ujazo na kuacha sehemu nyingine zote kuwa boriti. Tatizo ni kwamba nodi ya boriti ina misogeo mitatu na mizunguko mitatu, ilhali nodi ya elementi ya ujazo ina misogeo mitatu peke yake. Zikishirikiana nodi moja, mzunguko haupiti, na kiungo kilichokusudiwa kuwa imara kinageuka bawaba. Mara nyingine hesabu hukwama, na hiyo ni nafuu. Hatari kubwa ni pale muundo unaposhikiliwa na viungo vingine, hesabu ikamalizika bila onyo lolote, na momenti (athari za kupinda na kusokota) zikawa za uongo.

Katika programu nyingi jibu la haraka ni kufunga uso mzima wa ujazo kwa kiungo kigumu kinachofuata nodi ya boriti. Momenti inapita, lakini uso huo unazuiwa kusinyaa au kutanuka kama uwiano wa Poisson (kiasi ambacho chuma husinyaa kiupande kinapovutwa) unavyotaka, na palepale kwenye mpaka huzuka mikazo ambayo chuma chenyewe hakina. Code_Aster ina chaguo linaloitwa 3D_POU, chini ya LIAISON_ELEM, na hapa ndipo ninapoisifu bila kusita. Chaguo hilo huandika milinganyo sita tu: mitatu inasawazisha wastani wa misogeo ya uso na msogeo wa nodi ya boriti, na mitatu inasawazisha wastani wa mzunguko wa uso na mzunguko wa nodi hiyo. Nguvu na momenti zote hupita, huku uso ukibaki huru kubadilika umbo. Ni suluhisho lenye heshima kwa fizikia ya jambo lenyewe.

Anayetaka kuhakikisha afanye jaribio dogo kabla ya kazi kubwa. Achukue boriti ya chuma iliyoshikwa upande mmoja, yenye urefu wa mm 2000 na mkato wa mraba wa mm 100 kwa 100, aweke moduli ya unyumbufu ya MPa 210,000, kisha aning'inize nguvu ya N 1000 kwenye ncha. Nusu ya karibu na ukuta iwe ya ujazo na nusu ya mbele iwe boriti ya Timoshenko, yaani inayohesabu pia athari ya nguvu ya kukata. Hesabu ya mkono, pamoja na mchango mdogo wa nguvu hiyo ya kukata, inatoa mnepo wa karibu mm 1.527, na tofauti ikizidi asilimia moja kosa litafutwe kwenye wavu au kwenye kiungo.

Wavu ndio unaosumbua. Piramidi pembetatu zenye nodi 4 ni kakamavu mno katika kupinda, hivyo sehemu ya ujazo yafaa iwe na elementi za daraja la pili, zenye nodi za ziada katikati ya kingo; lakini boriti za POU_D_T, jina la boriti za Timoshenko katika Code_Aster, zinakubali mistari ya nodi 2 tu. Anayebadilisha wavu mzima kwa pamoja ataharibu boriti zake, kwa hiyo ageuze kundi la ujazo peke yake kupitia amri ya CREA_MAILLAGE. Nodi ya boriti nayo lazima iwe kwenye kitovu cha uso unaounganishwa.

Majina ya amri na sehemu kubwa ya nyaraka ni Kifaransa. Mhandisi aliyesomea Lubumbashi au Bujumbura atajisikia nyumbani. Wa Dar es Salaam au Nairobi atahitaji subira, ingawa nyaraka hizo zinaeleza nadharia kwa kina kinachostahili subira hiyo.

Kuna mpaka mmoja usiopaswa kusahaulika. Milinganyo sita haibebi mpindiko wa mkato (uso wa mkato kutobaki bapa) unaotokana na msokoto, na katika boriti za umbo la I au U mpindiko huo ni mkubwa. Mpaka kati ya boriti na ujazo uwekwe mbali na kiungo kinachochunguzwa, walau kimo kimoja cha mkato na afadhali viwili. Na pale ambapo msokoto ndio unaotawala, kipande chote hicho kifanywe cha ujazo.