TAHADHARI: Maiki za harmonika "za Chicago" zinazouzwa Malindi na Lamu

Wapiga harmonika wa Malindi, Watamu na Lamu, kaeni chonjo. Kuna jamaa anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanamuziki akiuza maiki za kijani, zile nene za kushika kiganjani, akiapa ni Green Bullet halisi, maiki za harmonika za kampuni ya Shure, za mwaka 1952, enzi za mpiga harmonika Little Walter kule Chicago. Bei Sh18,000, "kwa sababu ni wewe, ami." Picha ni ile ile kila siku: maiki imelazwa juu ya mkeka, waya umezungushwa kando. Ukimwomba picha ya ndani anasema kuifungua ni kuiua thamani. Ukishatuma pesa, kifurushi kinapandishwa basi Mombasa. Cha watu wa Lamu kinashukia Mokowe kungoja boti. Kikifika ukalalamika, simu haishikiki tena.

Mimi ni fundi wa amplifaya hapa Malindi, na bidhaa zake zinaishia mezani kwangu. Ya majuzi ililetwa na kijana anayepiga hotelini. Nzito, imetulia mkononi. Nilipotoa skrubu nikakuta kapsuli (kile kiungo cha ndani kinachogeuza sauti kuwa umeme) ya maiki ya karaoke imebanwa kwa sponji na gundi ya moto, na pembeni yake chubwi mbili za kuvulia samaki. Uzito wote mliokuwa mkiusifia ni huo! Nyingine ndani ilikuwa na kikapsuli kidogo kuliko ukucha, jamii ya zile za kwenye simu, ambacho bila umeme hakitoi sauti. Ichomeke kwenye amplifaya ya gitaa upate kimya kitupu.

Na uongo wenyewe unajiumbua. Maiki zake zina kifundo cha sauti chini na waya usiochomoka, wenye jeki ya gitaa. Umbo hilo ni la 520DX, toleo la Green Bullet la miaka ya 1990. Ya zamani inaweza kuwa na kifundo ikiwa mpigaji aliitoboa mwenyewe akakifunga, na wengi wamefanya hivyo, lakini haziwezi kuwa zote zimetobolewa mahali pamoja kwa ustadi mmoja. Ukimbana hapo anahamia kwenye hadithi nyingine: kumbe ni Astatic JT-30, maiki nyingine ya zamani ya harmonika, yenye kapsuli ya kristali. Kristali hiyo ni chumvi ya Rochelle. Unyevu unaila, na joto la ndani ya gari lililoachwa juani linatosha kuiharibu. Maiki ya kristali iliyokaa miaka stooni kwa hewa hii yetu ya pwani, mimi siichukui hata muuzaji awe mtu mwaminifu.

Testa ya bei rahisi inatosha kumnyamazisha. Pima ukinzani wa kapsuli: kristali nzima haisomi kitu, ni kama waya umekatika, maiki ya kawaida ya kuimbia, yenye koili, inasoma omu mia kadhaa. Ukiona 300 na yeye bado anaapa ni kristali, mrudishie mzigo wake papo hapo.

Wizi wake wa pili ni mdogo ila umewanasa wengi zaidi. Anauza "adapta ya harmonika" kwa Sh3,500. Ni kichwa kitupu cha kugeuza XLR, ile plagi ya maiki yenye pini tatu, kuwa jeki ya gitaa. Kinabadili umbo la plagi tu. Maiki ya kuimbia ina impidansi (ukinzani kwa umeme wa sauti) ya omu 150 hadi 300 hivi, na amplifaya ya gitaa imetengenezwa kwa chanzo chenye impidansi kubwa kuliko hiyo kwa mbali, ndiyo maana sauti inatoka nyembamba. Unaongeza volyumu, spika inapiga yowe, wageni wanaziba masikio. Kinachotakiwa ni transfoma ya impidansi. Kwa macho vinafanana sana, basi pima kati ya pini ya 2 ya XLR na ncha ya jeki: kichwa kitupu kinasoma sifuri, transfoma haisomi sifuri.

Anayeitaka sauti ile nzito ya Chicago hahitaji kuliwa. Maiki nyembamba ya koili, mfano SM57, pamoja na transfoma ya kweli na amplifaya ndogo, inamfikisha karibu kabisa, mradi mikono iifunike maiki na harmonika pamoja bila kuacha mwanya. Hapo ndipo penye kazi, na hapauzwi.

Waliokwisha kuliwa, msifute mazungumzo wala ujumbe wa M-Pesa. Jina linalotokea kwenye malipo si lile analojiita kundini, na hilo polisi watalitaka. Nendeni kwa pamoja mkaandikishe OB, kitabu cha matukio cha polisi, msiende mmoja mmoja. Ganda nalo msilitupe: ni chuma kizuri, linapokea kapsuli ya koili bila shida. Wiki hii ameibuka na namba mpya yenye picha ya jahazi. Wasimamizi wa makundi, mtoeni kabla hajaanza kuulizwa bei.